UZI: Begi la ofisi liliingia baharini pale Mokowe, ndo tukajua data ya kampuni yetu haina kwao

#1 Mleta uzi, Amu

Assalaam aleikum jamani. Huu uzi nimeuandika mara mbili nikaufuta, leo nimeamua niuweke maana najua humu kuna watu wa nyumba za wageni, wa maboti, wa maduka pale Langoni, na wenzetu wa Malindi na Watamu, na nina hakika wengi mnafanya kazi vile tulivyokuwa tukifanya sisi mpaka siku ile.

Mimi ni karani wa kampuni ndogo hapa Amu, yaani Lamu. Tuna nyumba mbili za wageni, moja Shela moja Mkomani, mashua mbili za kutembeza wageni na boti moja ya mizigo ya kwenda Mokowe kule bara na kurudi. Watu 14 kwa jumla. Hesabu mimi, buking mimi, mishahara mimi, na vyote hivyo vilikuwa ndani ya laptopu moja. Bekapu ilikuwepo. Tulinunua hadi diski ya nje na kila Ijumaa kabla ya sala nilikuwa nakopi kila kitu. Lakini ile diski ilikuwa inakaa begi moja na laptopu, mfuko wa pembeni wenye zipu, nikiona hapo ndo salama zaidi kwa sababu lile begi silitoi begani.

Siku hiyo nilikuwa naenda Mombasa kwa mhasibu wetu kufunga hesabu za mwaka. Kusi ilikuwa imechafuka, boti inapanda inashuka pale kwenye ngazi za jeti ya Mokowe, watu wanapokezana mizigo mkono kwa mkono kama siku zote, begi likatoka mkononi mwa kijana wa boti kabla halijafika kwangu. Kijana mwingine akapiga mbizi akalitoa, haikufika nusu saa, lakini maji ya chumvi hayangoji nusu saa. Fundi wa Mombasa alikaa nayo wiki nzima. Laptopu ikafa, na ile diski alipoifungua akanionyesha kwa macho yangu kutu ilivyoshika ndani.

Tulichopoteza: buking zote za Disemba mpaka Agosti inayofuata, nani katanguliza shilingi ngapi na nani bado, madeni ya mafundi wa chokaa na wa makuti, rekodi za mishahara, tarehe za service za injini, na kopi za pasipoti za wageni wa miaka mitatu. Mwenye kampuni hakunigombeza, aliniuliza swali moja tu: "Sasa Disemba anakuja nani?" Sikuwa na jibu. Nilikaa barazani pale mpaka magharibi sina jibu.

Tukaanza kuokota. Stetimenti ya M-Pesa inakwambia pesa imeingia lini na kwa jina gani, haikwambii chumba gani wala usiku mangapi. Benki vilevile. Buking nyingi zilipita WhatsApp, na hapo ndo tulipofunguka macho, manake ile namba ya kampuni iliyoandikwa kwenye kadi, kwenye mabango na kwenye mbavu za mashua, laini yake ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha kijana aliyekuwa risepsheni, na kijana alishaacha kazi miezi miwili nyuma, yuko hoteli moja Malindi. Simu alituachia lakini ilikuwa mpya, zile meseji za zamani zilibaki kwenye simu yake mwenyewe. Mungu amjalie yule kijana, alipanda basi akaja, akakaa nasi siku mbili anasoma meseji moja moja mimi naandika. Angekuwa ameondoka kwa ugomvi leo tungekuwa tumefunga nyumba moja.

Lakini katika kusoma zile meseji nikaona kitu kikaniumiza kuliko hata begi. Kwenye picha za simu yake, kati ya picha za watoto wa dadake na za mpira, kuna pasipoti za wageni wetu, nyingi mno. Jina, picha, tarehe ya kuzaliwa, namba. Hiyo simu watoto wanachezea gemu. Kijana hana kosa, sisi ndo tuliomwambia "mwambie mgeni akupigie picha ya pasipoti akutumie." Tukahangaika na yaliyopotea, kumbe na yasiyopotea hatujui yako wapi na nani anayaona.

Naomba wenye ujuzi mnieleze kwa kina, kampuni ya watu 14 kwenye kisiwa, stima inakatika, chumvi inakula kila chuma, inawekaje data yake? Sitaki kuambiwa nunua seva ya milioni. Nataka kujua vile watu wanafanya.

#2 Mdau, Malindi

Pole sana dadangu. Mimi kazi yangu ni kompyuta za hoteli na nyumba za kukodisha, Malindi mjini, Casuarina mpaka Watamu, na hii hadithi yako nimeikuta kwa sura nyingi. Mmoja ni bahari, mwingine ni mwizi, mwingine radi imepiga ikachoma kila kilichochomekwa ukutani, diski ya bekapu ikiwemo kwa sababu haichomolewi.

Kuna kanuni ambayo watu wa kazi hii tunaiita tatu-mbili-moja, ilienezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, na ukiangalia mpiga picha ndo mtu aliye na faili asizoweza kupiga tena. Nakala 3 za data, kwenye vyombo vya aina 2 tofauti, na 1 iwe mahali pengine kabisa, nyumba nyingine, mji mwingine. Wewe ulikuwa nazo 2, zote begani kwako. Hiyo ya mahali pengine ndo ingekuokoa, hata ingekuwa diski ya pili kwenye kabati la Shela inayobadilishwa na ya Mkomani kila Jumamosi na yule anayepeleka mashuka. Bahari haiwezi kuchukua Shela na Mokowe kwa siku moja.

Niwape kisa cha kweli kikubwa. Juni 2017 kuna virusi vya NotPetya vilianzia Ukraine vikaingia Maersk, hiyo ya makontena mnayoyaona Mombasa kila siku. Kompyuta 45,000 na seva 4,000 ilibidi ziwekwe upya kwa siku kama 10, hasara wakasema kati ya dola milioni 250 na 300. Walikuwa na seva nyingi dunia nzima zinazobeba orodha ya watumiaji na ruhusa zao, na zilikuwa zinapeana nakala zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo virusi vikaziua zote kwa mpigo. Ikabaki moja. Ghana. Ilipona kwa sababu stima ilikuwa imekatika kule wakati virusi vinapita, seva imezimika, haiko kwenye mtandao. Wakachukua data ya hiyo moja ndo wakasimama tena.

Sasa wewe wa Amu unayelalamika stima inakatika, lielewe hilo vizuri. Kitu kilichochomolewa, kisichounganishwa na chochote, ndo kitu ambacho virusi haviwezi kukifika. Diski ya bekapu ichomekwe wakati wa kukopi tu, ikimaliza itoke. Na ufungie kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu, maana Pwani yetu hii chumvi inaingia mpaka kwenye droo iliyofungwa. Mimi hata ikikaa vizuri diski ya kuzunguka nikiona imefika miaka minne siiamini tena, naibadilisha kabla haijaniambia kwaheri.

La pili, na hili nawaomba mlisome polepole, Google Drive ama Dropbox inayojioanisha yenyewe na laptopu SI bekapu. Ni kioo. Ukifuta faili hapa inafutika kule, virusi vikifunga faili hapa vinafungwa na kule. Google Drive inakaa na kilichofutwa kwenye takataka siku 30 halafu basi. Nina mteja alifuta folda la mwaka mzima mwezi wa nne hoteli ikiwa imefungwa, akaja kugundua mwezi wa saba wageni wameanza kurudi. Hakuna kitu.

#3 Mwenye jahazi, Matondoni

Mwanangu pole, na yule kijana aliyerudi kukusaidia ana asili njema, nisalimie. Miye hizo kompyuta mato yangu hayazioni vizuri. Nina daftari la jalada gumu, kila safari naandika, mzigo wa nani, nauli, nani kalipa nani hajalipa, na nina madaftari ya tangu niliporithi chombo kwa baba. Halitaki stima wala paswadi. Nawauliza kwa heri tu, si kubisha: hamuoni kwamba mumeacha ndia iliyokuwa ikifanya kazi?

#4 Mleta uzi, Amu

Mzee wangu shikamoo, na ahsante. Sikupingi na nitakwambia kwa nini. Siku ile naulizwa anakuja nani Disemba, laiti ningekuwa na karatasi moja ukutani yenye majina ya wageni, ningejibu. Kwa hiyo tumelichukua neno lako: sasa kila Jumatatu naprinti orodha ya wanaokuja miezi mitatu ijayo, karatasi moja iko Shela moja Mkomani, ndani ya faili, si ukutani, maana majina ya watu hayafai kusomwa na kila apitaye.

Lakini mzee, daftari lako ni moja. Mchwa wakiingia, ama nyumba ivuje wakati wa masika, umri wako wote umekwenda. Wewe wajua habari ya miswada ya msikiti wa Riyadha hapa kwetu. Vitabu vya mkono vya masharifu na wanazuoni, vimekaa miaka na miaka kwenye joto na unyevu wa Amu, nakala ya pekee, hakuna nyingine duniani. Vikaja vikapigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa mpango wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, sasa kitabu kiko pale pale Riyadha na sura yake iko hata nje. Hakuna aliyevichukua vitabu, vimeongezewa maisha. Ukiniruhusu nitakuja Matondoni na simu tuyapige picha madaftari yako, haitatuchukua zaidi ya siku moja, na tutakuachia nakala wewe mwenyewe.

#5 Mwenye jahazi, Matondoni

Karibu. Njoo siku ya bamvua usisumbuke na maji.

#6 Msomaji wa sheria, Malindi

Mimi nataka kurudi kwenye zile pasipoti kwa sababu naona kila mtu amekimbilia diski.

Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ilianza kufanya kazi Novemba 2019, na imetokana na Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 31, haki ya faragha. Kamishna wa kwanza wa Data, Bi Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Watu wengi wa biashara ndogo wanaambiana "hiyo ni ya mabenki na kampuni za simu." Kanuni za usajili za 2021 zinasema kweli kwamba ukiwa na mauzo chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 huhitaji kujisajili, lakini kuna biashara zilizotolewa kwenye huo msamaha, zinasajiliwa hata ziwe ndogo vipi, na biashara ya kulaza na kuhudumia wageni imo. Usafirishaji umo. Shule zimo, hospitali zimo, wanaosimamia nyumba za watu za kukodisha wamo, na hao Malindi na Watamu ni wengi kweli kweli. Waliosamehewa kwenye utalii ni waongoza watalii. Kwa hiyo dada wewe wa nyumba mbili za wageni na boti, na watu 14, huna pa kujificha. Cheti ni cha miezi 24 halafu unakihuisha, na ada ya biashara ndogo ni shilingi 4,000, si kitu cha kumfukuza mtu.

Sasa kuna mambo mawili tofauti hapa, tusiyachanganye. Laptopu iliyolala chini ya maji ya Mokowe ikafa hakuna aliyesoma kitu ndani yake. Simu yenye pasipoti ikipotea kwenye matatu, ama kuuzwa mtumba bila kufutwa, hapo mtu asiyehusika amepata data ya watu na inaweza kuwadhuru. Likitokea hilo sheria inakutaka umjulishe Kamishna ndani ya saa 72 tangu ulipojua, na wenyewe waliohusika pia wajulishwe. Na kama data yako inashikwa na mtu mwingine kwa niaba yako, kwa mfano yule wa mtandao wa buking, yeye anatakiwa akujulishe ndani ya saa 48. Faini inaweza kufika milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo kati ya hizo.

Na haya si maneno ya makaratasi. Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi. Nyinyi wa mashua mnaopiga picha watalii wakiruka majini mnaweka kwenye ukurasa wa kampuni saa hiyo hiyo, mmewauliza? Watoto wao je?

Swali la kujiuliza juu ya kila data ni "naihitaji ya nini na mpaka lini." Risiti na hesabu weka miaka 5 kwa ajili ya sheria ya kodi. Picha ya pasipoti ya mgeni aliyelala usiku mbili miaka mitatu iliyopita unaiweka ya nini? Kitu usichokuwa nacho hakiibiwi.

#7 Mleta uzi, Amu

Hilo neno la mwisho limenikalia kichwani siku mbili. Jana nilikaa na mwenye kampuni tukakubaliana mgeni akija anaonyesha pasipoti, tunaandika yanayotakiwa kwenye kitabu cha wageni, anarudishiwa pasipoti yake, hakuna picha kwenye simu ya mtu yeyote. Wale waliotutumia WhatsApp tunazifuta baada ya kuandika. Kijana wa Malindi alizifuta mbele yangu moja moja na akanionyesha hata kule zinakojihifadhi zenyewe kwenye akaunti yake, hapo mimi nilikuwa sijafikiria kabisa, kufuta kwenye simu tu hakutoshi. Mambo ya usajili mwenye kampuni amesema tunayafanya mwezi huu huu.

#8 Mwenye duka la vinyago, Langoni

Dada nashukuru kwa uzi. Sisi paswadi ya kompyuta ni jina la duka na mwaka tuliofungua, kila mtu anaijua, hata yule kijana wa punda anayetuletea mizigo nafikiri anaijua. Tunabadilishaje bila kila mtu kusahau na kunipigia simu usiku?

#9 Mdau, Malindi

Refu ndo la maana kuliko gumu. Siku hizi hata NIST ya Marekani, wale wanaoandika miongozo ambayo mabenki yanafuata, tangu 2017 hawataki tena watu walazimishwe kubadilisha paswadi kila baada ya miezi, manake mtu akilazimishwa anaongeza 1 mwisho, kisha 2, kisha 3. Chukua maneno manne matano yasiyohusiana ambayo wewe unayakumbuka kwa sababu zako, yaunganishe. Kiswahili chetu kina utajiri, tumia majina ya sehemu za jahazi, samaki, upepo, hakeri wa mbali kamusi yake haina hayo. Ila usitumie methali nzima wala aya, hizo zinajulikana.

Lakini kubwa zaidi, kila mtu awe na ya kwake. Paswadi ikiwa moja ya watu saba siku mmoja akiondoka ni lazima uibadilishe kwa wote, na hakuna anayefanya hivyo, kwa hiyo aliyeondoka miaka miwili nyuma bado anaingia. Na siku kitu kimefutwa huwezi kujua ni nani, mnaanza kushukiana bure. Imeli iwe ya kampuni, laini ya simu isajiliwe kwa jina la kampuni ama la mwenyewe, akaunti za buking na ukurasa wa Instagram vilevile, halafu mfanyakazi anapewa ruhusa yake ndani. Akiondoka unafunga ruhusa yake, mnaagana kwa wema. Na washa ule uthibitisho wa hatua mbili, yaani paswadi kisha na kodi ya kwenye simu yako, kwenye imeli kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mwenye imeli yako anaweza kuomba paswadi mpya ya kila kitu kingine ikaletwa mle mle.

Niwaeleze kwa nini nasisitiza imeli. Nina mteja, nyumba ya kifahari huku kwetu, mgeni wake Muitaliano alikuwa alipe nusu ya wiki mbili za Disemba. Mtu alikuwa ndani ya imeli ya nyumba tangu sijui lini, anasoma tu kimya kimya, hagusi kitu. Siku invoisi inatumwa, baada ya saa moja mgeni akapata imeli nyingine kutoka anwani hiyo hiyo, lugha ile ile, hata ule utani wa mwenye nyumba umo, inasema samahani tumebadilisha benki, tumia akaunti hii. Akalipa. Disemba akafika na watoto wake na mizigo yake, nyumba inamwambia hujalipa, yeye anatoa risiti. Walilia wote wawili, mgeni na mwenye nyumba, mimi nilikuwepo. Tangu hapo invoisi zote za yule mteja zina mstari chini: akaunti yetu haibadiliki kwa imeli, ukiambiwa imebadilika tupigie kwa namba unayoijua tangu mwanzo. Nyinyi pia mkiambiwa na msambazaji wenu amebadilisha akaunti ama till, pigeni simu, na si namba iliyo kwenye hiyo imeli.

#10 Msomaji mwingine, Amu

Mimi naona jibu ni kuweka kila kitu klaudi basi, yaani kwenye kompyuta za kampuni za mtandaoni, mambo ya diski na mabegi yaishe. Laptopu ikizama unanunua nyingine unaingia unaendelea.

#11 Mdau, Malindi

Kwa sehemu kubwa uko sawa na ndo nawashauri wateja, lakini kumbuka Mei 2024. Tarehe 12 nyaya za baharini mbili, EASSy na Seacom, zilikatika huko upande wa Afrika Kusini na intaneti ya Kenya ikawa ya kutambaa siku kadhaa. Hoteli ambazo buking zote ziko klaudi peke yake zilikuwa zinapokea wageni kwa kukisia. Kwa hiyo klaudi iwe ile nakala ya mahali pengine, na iwe ya kuweka matoleo ya nyuma si kioo, na ofisini kuna nakala inayofunguka bila intaneti, na karatasi ya yule mzee wa Matondoni.

Halafu kitu ambacho sijaona mtu amekitaja humu: mmejaribu kuirudisha? Januari 2017 kampuni ya GitLab, hawa kazi yao ni kuhifadhi kazi za watengenezaji programu duniani, fundi wao alifuta folda la data kwenye seva ambayo siyo. Bahati mbaya hiyo. Walikuwa na njia tano za bekapu na nakala. Walipokwenda kuzitafuta, hii haikuwa ikifanya kazi, ile ilikuwa inafeli kimya kimya na ujumbe wa kufeli haumfikii mtu. Kilichowaokoa ni nakala ya saa sita nyuma ambayo mmoja wao aliichukua kwa mkono kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya saa sita ikapotea, na walisema wazi kila kitu, nawaheshimu kwa hilo. Kama wao imewapata, wewe na mimi tuna haja ya kufungua zile diski zetu tuone.

Na laptopu ifungwe kwa usimbaji, yaani data isisomeke bila ufunguo, BitLocker ya Windows ama kama hiyo, ili ikiibiwa mwizi apate chuma tu. Ule ufunguo wa kurudishia uandikwe karatasini ukae na mwenye kampuni, usiuweke ndani ya laptopu hiyo hiyo. Na bado mnatumia Windows 10? Marekebisho ya kawaida ya Microsoft yaliisha 14 Oktoba 2025.

#12 Mleta uzi, Amu

Narudi baada ya wiki tatu kuwaambia tumefika wapi, nimechelewa kwa sababu nilitaka kwanza nifanye lile jaribio.

Matondoni nilikwenda. Madaftari kumi na moja, tulipiga picha barazani kwa mzee kwenye mwanga wa asubuhi, la zamani kuliko yote wino umeshakuwa rangi ya chai. Mzee alikuwa anasoma majina ya manahodha waliokufa, anasimama anawaombea, tunaendelea. Picha ziko kwenye diski yake mwenyewe na moja kwa mwanawe Mombasa.

Kwetu sisi, laini tumeihamisha ikasajiliwa upya. Imeli ni ya kampuni. Diski ni mbili, ya Shela na ya Mkomani, zinabadilishana kila Jumamosi, na hakuna hata moja inayopanda boti pamoja na laptopu, hilo nimeliandika kwa kalamu nyekundu. Ya klaudi inajituma yenyewe usiku bando ikiwa rahisi.

Juzi Jumapili nikaazima laptopu ya binamu yangu, tupu, nikamwambia mwenye kampuni ajifanye laptopu yetu imezama tena na mimi nimesafiri. Nikakaa pembeni bila kusema neno, yeye na dada wa risepsheni wakachukua diski ya Shela na ile karatasi ya maelezo niliyoiandika. Iliwachukua saa mbili na dakika arubaini kuweza kujibu lile swali lake, Disemba anakuja nani. Nusu ya huo muda ilikuwa kutafuta paswadi ya lile faili la buking, manake kwenye karatasi niliandika ya zamani.

Na folda la mashua halikuwemo. Nilikuwa nimeliweka kwenye desktopu siku moja nikiwa na haraka, na bekapu inachukua folda la kazi peke yake. Wiki tatu nzima tarehe za service za injini zilikuwa hazina nakala popote na mimi najiona nimemaliza. Nimelihamisha jana. Mdau wa Malindi, hili jaribio nyinyi mnalifanya kila baada ya muda gani?

#13 Mdau, Malindi

Hoteli kubwa kila miezi mitatu. Nyinyi fanyeni mara mbili kwa mwaka, moja mwezi wa tano wageni wakiwa wachache, nyingine Novemba kabla hawajaja. Na safari ijayo asifanye mwenye kampuni, mpe yule mgeni kabisa kazini.